Unyoya ukibanduka, ichunguze rangi kabla ya kuilaumu gundi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie mishale ya mbao ya kujitengenezea, hasa rangi na manyoya yake. Wengi wanaoanza kazi hii hupita njia moja. Wanapaka rangi iliyowapendeza, wanabandika manyoya kwa gundi waliyonayo, na unyoya ukibanduka wanailaumu gundi. Wananunua nyingine, nayo inawaangusha vilevile. Ukiikagua mishale ya namna hiyo, mara nyingi gundi haina hatia. Kasoro iko chini yake, kwenye rangi, na ilifanyika siku kadhaa kabla ya unyoya wa kwanza kushikwa.

Shauri letu ni kugeuza mpangilio. Chagua gundi kwanza, halafu tafuta rangi na vanishi inayopatana nayo, na urembo uje mwisho. Anayeanza na urembo huishia kukwangua.

Jaribio la kupima upatanifu huo halihitaji mshale mzima. Chukua vipande vitatu vya mti uleule, kila kimoja sentimita 15, uvipake rangi na vanishi kwa idadi ileile ya mikono utakayopaka kwenye mishale. Viache vikauke kwelikweli. Rangi ya mafuta inaweza kuwa kavu ukiigusa baada ya saa chache na bado ikawa laini kwa ndani. Pengine itataka wiki nzima. Bandika kipande cha unyoya juu ya kila kijiti, ngoja saa 24, kisha shika ncha ya mbele ya unyoya uuvute polepole kuelekea nyuma. Sasa tazama kilichobaki. Uti wa unyoya ukichanika na kuacha ngozi yake juu ya rangi, mambo ni sawa, maana gundi imekuwa na nguvu kuliko unyoya wenyewe. Gundi ikitoka nzima pamoja na unyoya na kuiacha rangi inang'aa kama haikuguswa, uso wa rangi ulikuwa unateleza: una nta, silikoni au jasho la vidole, au haukukwaruzwa kwa msasa. Rangi nayo ikitoka pamoja na gundi hadi mti ukaonekana, basi rangi haikuushika mti. Ama mti ulikuwa na mafuta, ama vumbi la msasa halikufutwa. Na ukikuta rangi imejikunja au imekuwa tepetepe chini ya gundi, kiyeyushi kilichomo katika gundi kimeila. Majibu hayo manne yana tiba tofauti kabisa, ndiyo maana kubadilisha gundi bila kutazama ni kubahatisha.

Gundi za manyoya zenye harufu ya asetoni hulainisha laka na rangi nyingi za kupuliza. Zikilainisha kidogo ni faida, kwa kuwa gundi na laka huungana zikawa kitu kimoja. Zikilainisha sana, unyoya unaelea juu ya uji. Kwenye vanishi ya poliurethani iliyokomaa hazipenyi, hivyo ni lazima uso ukwaruzwe kwanza kwa msasa namba 400 mpaka mng'ao ufe. Supaglu haichagui sana rangi na hushika kwa sekunde, ila ikishakauka ni ngumu, haikubali kupindika, na mshale unapogonga shabaha huweza kukatika mstari mzima. Epoksi hushika karibu kila kitu, lakini ni nzito, inachelewa kukauka, na kuiondoa baadaye ni adhabu. Gundi ya ngozi za wanyama ni nzuri juu ya mti mtupu pale tu mishale isipokutana na unyevu. Wapenzi wa mafuta ya kitani na nta ya nyuki tunawaomba jambo moja: mafuta na nta viishie kwenye sehemu ya mbele na ya kati. Sentimita 20 za nyuma zisiguswe na kitambaa hicho, wala kwa bahati mbaya. Na kitambaa chenyewe kilicholowa mafuta ya kitani kitandazwe au kizamishwe majini baada ya kazi. Kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujiwasha moto chenyewe.

Matabaka nayo yana kanuni yake. Rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya laka kavu. Laka haipakwi juu ya rangi ya mafuta, kwa sababu thina yake kali huinyanyua rangi ya chini na kuikunja. Wanaochanganya makopo mawili ya kupuliza bila kusoma maandishi hukutana na jambo hili, kisha husema rangi ilikuwa feki.

Kabla ya kufikia brashi, wano lenyewe, yaani ule mti wa mshale, lazima liwe tayari, maana ukishalipaka hutalijua tena. Kipenyo cha kawaida cha mawano ya mbao ni milimita 7.9, 8.7 au 9.1. Kilicho muhimu kuliko kipenyo ni ukakamavu. Mshale unapoachiwa hausafiri umenyooka. Kamba inausukuma kutoka nyuma, nao unajipinda kuuzunguka upinde kabla ya kutulia. Ulio laini mno au mgumu mno kwa upinde huo utakwenda pembeni, na hakuna unyoya utakaouponya. Kipimo cha jadi cha mawano ya mbao ni hiki: laza wano juu ya nguzo mbili zilizoachana sentimita 66, tundika katikati yake uzito wa ratili mbili, yaani gramu 907, upime limebonyea milimita ngapi. Gawa 660 kwa milimita hizo, upate kwa makadirio nguvu ya kuvuta, kwa ratili, ya upinde unaolifaa. Likibonyea milimita 12.7 jibu ni 52. Likibonyea 14 jibu ni 47. Andika namba hiyo kwa penseli upande wa mbele, mahali patakapofunikwa na kichwa cha chuma. Seti moja isipishane zaidi ya ratili tano. Kwa uzito, jitahidi tofauti isivuke gramu 0.65 kati ya mshale na mshale. Pima tena baada ya kupaka, kwani rangi ni uzito, na uzito huo unakaa nyuma, mahali usipotakiwa. Sehemu ya mbele ikiwa nyepesi kuliko ya nyuma mshale hautulii. Kituo cha mizani kikae mbele ya katikati kwa asilimia 10 hadi 15 ya urefu.

Tazama pia mistari ya mti. Pengo la kushikia kamba likatwe kukingama mistari ya miaka ya mti, lisifuatane nayo. Ukilikata sambamba na mistari, kamba itaupasua mshale kama kabari. Faida nyingine ni kwamba upande mgumu wa wano ndio utakaoegemea upinde. Wanaokata pengo kwenye mti wenyewe, bila kipande cha plastiki, wafunge pamoja visu viwili au vitatu vya msumeno wa chuma, wakate kina cha milimita 6 hadi 8, walainishe ndani kwa msasa uliokunjwa, kisha wafunge uzi chini tu ya pengo kwa upana wa sentimita moja na kuulowesha gundi. Kazi hiyo imalizike kabla ya vanishi, ili vanishi iingie pengoni pia. Mti hunywa maji zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni.

Kwa uso wa wano, msasa namba 220 kisha 320 unatosha. Katikati ya misasa hiyo miwili pitisha kitambaa chenye unyevu mdogo, acha likauke. Vinyweleo vya mti vitasimama, na msasa wa pili utaviondoa. Ukiruka hatua hii, mkono wa kwanza wa vanishi ndio utakaovisimamisha, nawe utashangaa mbona laini imekuwa kwaruzo. Futa kwa spiriti. Tangu hapo usilishike wano kwa vidole vitupu upande wa nyuma. Anayetumia mwanzi alainishe vifundo, halafu akwangue ngozi inayong'aa sehemu ya manyoya, kwa sababu ngozi hiyo ina nta ya asili na haishiki gundi wala rangi.

Baada ya mkono mmoja mwembamba wa vanishi ya kuziba matundu, ndipo rangi ya nyuma inapokuja. Njia safi kuliko zote ni kuzamisha. Chukua mrija wa plastiki wenye upana wa ndani wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 35, uzibe chini, uusimamishe imara. Rangi inayohitajika haifiki mililita 110, na unapaswa kupunguza ile ambayo wano litaisukuma juu. Izimue rangi kidogo, uichuje kwa soksi ya nailoni, uiache itulie mpaka mapovu yaishe. Ziba kwa tepu sehemu iliyochongwa kwa ajili ya kipande cha plastiki cha pengo, kwa sababu kipande hicho kinataka mti mtupu. Zamisha sentimita 25, kisha uvute juu taratibu, kama sentimita moja kwa sekunde. Haraka ndiyo inayoleta mapazia ya rangi. Ukishatoa, tundika mshale ncha ya nyuma ikitazama chini, na baada ya dakika moja gusa tone lililokusanyika kwa karatasi. Ukiutundika kinyume, tone hilo litashuka katikati ya wano na kuacha mstari usiofutika.

Laka ikipakwa siku yenye unyevu mwingi hewani hugeuka kuwa na ukungu mweupe. Thina inapoyeyuka kwa kasi huupoza uso, na unyevu wa hewani unageuka matone ya maji juu yake. Si rangi mbovu. Subiri saa za joto kavu, au tumia kiyeyushi kinachokauka polepole. Madirisha yawe wazi wakati wote na moto uwe mbali. Mvuke wa thina hauna mzaha.

Hapa tuna msimamo ambao baadhi ya mafundi hawaupendi: usipake rangi nzito mshale mzima. Rangi isiyopenyeka macho ikae nyuma peke yake, na sehemu nyingine yote iwe vanishi angavu. Ufa wa wano huanza kama uzi mwembamba, aghalabu nyuma tu ya kichwa cha chuma au mahali mshale ulipogongwa na mwingine. Chini ya vanishi angavu ufa unaonekana. Chini ya rangi nyeusi ya kupendeza hauonekani, na mshale wenye ufa ukivutwa kwa nguvu zote unaweza kuvunjika na kuingia katika mkono ulioshika upinde. Kwa sababu hiyohiyo kila mshale wa mbao upindwe kidogo na kusikilizwa sikioni kabla ya kupigwa. Ukilia, uvunje vipande viwili ili asije mtu akauokota na kuutumia.

Mashindano nayo yana mipaka. Kanuni za World Archery, shirikisho la kimataifa la upigaji mishale, haziruhusu wano kuzidi kipenyo cha milimita 9.3, na zinataka mishale yote inayopigwa katika awamu moja ifanane, iwe na rangi zilezile za manyoya, mapengo na pete, na kila mmoja ubebe jina au herufi za mwanzo za jina la mpigaji. Aliyeanza na wano la milimita 9.1 kisha akapaka mikono minne ya rangi nzito anaweza kujikuta amevuka mpaka kwa sababu ya rangi tu.

Pete za rangi zinazozungushwa juu ya wano hazihitaji mkono wa msanii. Kinachohitajika ni wano lizunguke na brashi itulie. Liweke kwenye vishikio viwili vyenye umbo la V, ulizungushe kwa mota ndogo ya polepole, au hata kwa vidole vya mkono mwingine. Chora mpango wote kwenye ukanda wa kadi ngumu, uweke kadi hiyo chini ya kila wano, na pete za mishale yote zitakaa mahali pamoja bila kupimwa upya. Anza na pete pana za rangi angavu, milimita 10 hadi 20. Nyembamba nyeusi au za dhahabu, milimita 1 au 2, zije mwisho, kwa kuwa kazi yake halisi ni kuficha mipaka iliyochafuka kati ya rangi pana. Brashi yenye nywele ndefu hubeba rangi ya kutosha mzunguko mzima. Fupi hukata njiani. Rangi iwe nyepesi kiasi cha kujisawazisha, isiwe nyepesi hata ikatiririka. Wanaotumia kalamu za wino usiofutika wajaribu kwanza: wino mwingi wa aina hiyo huyeyuka kwenye spiriti na laka, na vanishi ya juu huuburuta hadi pete nyekundu ikawa doa la waridi. Vanishi ya maji huokoa hali hiyo mara nyingi, au pulizo moja jepesi sana liachwe likauke kabla ya mkono kamili.

Ni hapo tu, rangi ikishakomaa na jaribio likishafaulu, ndipo manyoya yanapotajwa.

Manyoya bora ni ya bawa, yale marefu magumu, ya bata mzinga au bata bukini. Ya mkia na ya mgongoni ni laini mno. Manyoya ya ndege wa porini yaacheni. Nchi nyingi zinawalinda, na Marekani, kwa mfano, sheria ya ndege wahamao ya 1918 inakataza kumiliki hata unyoya uliookotwa chini bila kibali. Kanuni isiyo na msamaha ni kwamba mshale mmoja hubeba manyoya ya bawa la upande mmoja, ama yote ya kulia ama yote ya kushoto. Kutambua ni hivi: shika unyoya ukitazama upande wake wa juu, ncha ikiwa mbali nawe. Upande wa chini una mfereji kwenye uti, upande wa juu hauna. Kama sehemu pana ya unyoya iko kulia, umetoka bawa la kulia. Ukichanganya pande hizo, unyoya mmoja unauzungusha mshale huku na mwingine unauzungusha kule, na mshale unakwenda ukiyumba. Mpigaji wa mkono wa kulia anaweza kutumia bawa lolote, mradi lisichanganywe.

Pasua uti katikati kwa wembe mkali, kuanzia upande mnene, ukihifadhi sehemu pana. Kisha bana unyoya kati ya vipande viwili vya chuma vilivyonyooka, uti ukichungulia milimita moja, uusage juu ya msasa namba 100 uliobandikwa kwenye ubao mpaka tako lake liwe bapa kabisa. Upana wa tako uwe milimita 1.5 hadi 2. Hapa ndipo mwanafunzi anapochoka, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Uti ulioachwa mnene haukubali kulala juu ya wano la mviringo; unavuta kurudi katika mkunjo wake wa asili, na gundi inapambana nao usiku na mchana hadi inashindwa kwenye ncha. Uti uliosagwa kupita kiasi nao unaachia nyuzi za unyoya moja moja. Ukiuinua unyoya uliosagwa vizuri na kuukunja kidogo, uti unafuata bila ubishi.

Kwa upinde wa jadi, manyoya matatu ya sentimita 10 hadi 13 yanafaa kazi nyingi, kimo milimita 12 hadi 15. Tako nene la unyoya hukaa mbele, nyuzi zikilala kuelekea pengo. Kutoka shina la pengo hadi mwisho wa unyoya acha sentimita 2.5 hadi 3 za vidole. Wanaobana nafasi hiyo wanayasaga manyoya yao kila wanapovuta. Unyoya mkuu, ambao kwa desturi hupewa rangi yake, unakaa pembemraba na mkato wa pengo na kutazama nje, mbali na upinde, ili mengine mawili yapite bila kuugonga. Asiye na kifaa cha kubandikia azungushe ukanda wa karatasi kwenye wano, aweke alama pale unapokutana, aufungue na kuugawa sehemu tatu sawa. Kwa wano la milimita 9 kila sehemu ni milimita 9.4. Mistari ya penseli itokane na alama hizo.

Unyoya usikae sambamba kabisa na wano. Kwa unyoya wa sentimita 12, ncha ya mbele isogezwe milimita 2 hadi 3 pembeni: kulia kama ni bawa la kulia, kushoto kama ni la kushoto, ukiutazama mshale kutoka nyuma. Mshale utajizungusha hewani na kutulia mapema. Zaidi ya hapo unapoteza kasi bure, na ncha za manyoya zinaanza kugusana.

Gundi ipakwe mstari mmoja mwembamba kwenye tako la unyoya peke yake. Gundi inayofurika pembeni haiongezi nguvu. Inakausha nyuzi za chini na kuzifanya ngumu kama miiba. Bana dakika zinazotajwa na mtengenezaji wa gundi, na kama hakutaja, gundi za asetoni zipe dakika 15 kabla ya kufungua kibano. Manyoya yote matatu yakishakaa, chonga ncha ya mbele ya kila uti iteremke hadi sifuri, uweke tone moja la gundi mbele na jingine nyuma. Tone la mbele ni la usalama. Mshale unapopita juu ya ngumi iliyoshika upinde, ncha ya uti iliyonyanyuka huingia kwenye ngozi kama sindano, na kwa mwendo ule haiingii kidogo.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza uzi, ingawa wengi wanauona kuwa ni pambo. Mishale ya Ötzi, mtu wa kale aliyekutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ina zaidi ya miaka 5,000. Ndani ya podo lake, yaani mfuko wa mishale, mlikuwa na mishale 14, miwili tu ikiwa imekamilika, na hiyo miwili ilikuwa na manyoya matatu yaliyobandikwa kwa lami ya mti na kufungwa kwa uzi juu yake. Mishale ya meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama 1545, nayo ilikuwa na uzi juu ya gundi. Gundi hushikilia unyoya usiteleze, uzi huuzuia usinyanyuke, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Uzi wa hariri au nailoni mwembamba unafaa. Anza milimita 5 mbele ya manyoya, zungusha ukibana mizunguko ikae bega kwa bega, panda juu ya ncha zilizochongwa kwa milimita 5 hadi 6 nyingine. Kabla ya mizunguko minane ya mwisho, laza chini yake kitanzi cha uzi mwingine. Maliza kuzungusha, pitisha ncha kwenye kitanzi, kivute. Ncha itaingia chini ya mizunguko na kukazwa humo bila fundo. Kata, lowesha kwa vanishi. Anayetaka kufunga unyoya wote azungushe uzi kwa hatua za milimita 5, akitenganisha nyuzi za unyoya kwa sindano ili uzi ushuke hadi kwenye uti bila kuzilaza.

Umbo la unyoya ni suala la ladha kuliko wanavyodai wengi. Kata kwa mkasi mkali ukifuata kadi, au kwa waya uliopashwa moto, nje ya nyumba, maana harufu ni ya nywele zinazoungua. Nyuma iliyosimama wima hupiga kelele zaidi ya ile iliyoinama. Kama mshale ni wa kupigwa juu hewani na hutaki uende mbali, acha manyoya manne au sita kwa kimo chake chote bila kuyakata. Yataushika upepo na kuuangusha karibu.

Mvua huyalaza manyoya. Yakikauka yamepinda, yashikilie juu ya mvuke wa birika kwa sekunde 10 hadi 20 huku ukizungusha mshale, nayo yatajinyoosha. Usisogeze hadi gundi ipate moto.

Unyoya mmoja ukiharibika usibandue yote. Ingiza kisu butu chini ya uti kutoka nyuma kwenda mbele, kwangua gundi iliyobaki bila kuikata rangi, pitisha msasa namba 400 mara chache, futa kwa spiriti. Usitumie asetoni hapo, itayeyusha rangi hadi chini ya manyoya mawili yaliyo mazima. Unyoya mpya utoke bawa lilelile na ukatwe kwa kadi ileile; ndiyo maana kila ukitengeneza seti, saga na ukate manyoya mawili au matatu ya ziada uyaweke pamoja na kadi hiyo.

Wako,
Watengeneza mishale ya mbao